Utafiti wa Nyuki na Urudi Mzingani

Wahenga waliponena kwamba fuata nyuki ule asali, yamkini hawakuwazia kuwa siku moja angezuka mtaalamu wa kuuliza swali ambalo methali yenyewe haikuliuliza: je, nyuki naye humfuata nani? Mtaalamu huyo alikuwa Karl von Frisch, mzaliwa wa Austria, aliyetumia sehemu kubwa ya uhai wake akichungulia mizinga yenye kuta za kioo. Alibaini kwamba nyuki aliyepata maua ya mbali hurudi mzingani na kucheza ngoma juu ya sega lililosimama wima, akitikisa tumbo huku akienda kwa mstari mnyoofu, kisha akizunguka na kuurudia mstari ule ule. Pembe iliyopo kati ya mstari huo na wima ndiyo pembe iliyopo kati ya jua na maua. Muda wa mtikiso nao ndio umbali, takribani sekunde moja kwa kila kilomita. Haya yote hutendeka gizani, nao wenzake humfuata mchezaji kwa kumgusa na kuhisi mitetemo yake, kisha hutoka na kuelekea mahali ambapo hawajapata kupaona. Mwaka wa 1973 von Frisch alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Konrad Lorenz na Niko Tinbergen.

Mwanafunzi wa isimu hawezi kuipita habari hii kijuujuu. Katika mihadhara ya mwaka wa kwanza hufunzwa kwamba miongoni mwa sifa zinazoitambulisha lugha ya binadamu ni uwezo wa kuzungumzia kitu kisichokuwapo mahali pa mazungumzo. Nyuki ana uwezo huo, angalau kwa habari ya chakula na makao. Walikuwapo wataalamu waliopinga, wakidai kuwa nyuki hufuata harufu tu. Ila mwaka wa 2005 watafiti waliwafungia nyuki vifaa vidogo mno vya kunaswa na rada, wakaona kwamba waliofuata ngoma waliruka moja kwa moja kuelekea kulikotajwa. Hata hivyo, jambo la kushangaza zaidi lilichapishwa mwaka wa 2023 katika jarida la Science. Watafiti waliunda makundi ya nyuki wachanga watupu, wasio na wakubwa wa kuwachezea ngoma. Wachanga hao walipoanza kucheza wenyewe, ngoma zao zilivurugika. Kwa kuzoea walirekebisha mwelekeo, lakini umbali waliutaja kimakosa hadi mwisho wa maisha yao. Kwa maneno mengine, nyuki hufunzwa lugha na waliomtangulia, na asiyefunzwa utotoni huropoka.

Habari kama hizi zingalipaswa kuwa chakula cha kila siku cha msomaji wa Kiswahili. Haziwi, na hasara yake si ya wapenda maajabu peke yao. Hasara kubwa ni ya mrina asali wa Mwingi, wa Baringo na wa Pokot Magharibi, ambaye mizinga yake imekuwa maabara ya dunia bila yeye kupewa majibu ya uchunguzi.

Tukio la mdudu aina ya utitiri aitwaye Varroa latosha kuwa ushahidi. Mdudu huyu asili yake ni nyuki wa Asia. Katika karne ya ishirini alimhamia nyuki wa asali anayefugwa kote duniani, akawa balaa. Huzaliana ndani ya vijumba vya sega alimofungiwa jana, yaani mtoto wa nyuki, akimfyonza na kumwambukiza virusi vinavyomtoa na mbawa zilizopindika. Huko Ulaya na Marekani, mfugaji asiyemkabili aghalabu hupoteza kundi zima katika muda wa miaka michache. Mwaka wa 2009 mdudu huyo alitambuliwa nchini Kenya. Mwaka uliofuata watafiti, akiwamo Mkenya Elliud Muli, walizunguka katika vituo 24 kote nchini wakifungua mizinga, wakihesabu wadudu, wakipima virusi na masalio ya dawa za kuulia wadudu. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2014 katika jarida la PLOS ONE. Varroa alikuwa ameenea karibu kila mahali isipokuwa maeneo ya mbali ya kaskazini, na idadi yake iliongezeka kadiri watafiti walivyopanda nyanda za juu. Masalio ya dawa yalikuwa machache na ya kiwango cha chini.

Jambo lililowashangaza wengi lilikuwa hili: wingi wa wadudu haukuhusiana na ukubwa wa kundi. Nyuki wa Kenya walikuwa na ugonjwa, lakini hawakuonyesha dalili ya kuangamizwa nao. Hitimisho la watafiti lilikuwa wazi, kwamba kemikali zinazotumika ughaibuni kumuua Varroa hazikuhitajika huku.

Yafaa kulitafakari hitimisho hilo kwa makini, maana linakwenda kinyume cha kila kinachosemwa juu ya nyuki wa Kiafrika. Kwa miaka mingi nyuki huyu amesimangwa. Ni mkali, mmoja akichoma huacha harufu inayokaribiana na ya ndizi mbivu, nayo huwaita wenzake vitani. Ni mhamaji, ukame ukizidi au mzinga ukisumbuliwa, kundi zima huondoka na kuacha masega matupu. Mwaka wa 1956 Warwick Kerr alipowapeleka malkia wa Kiafrika nchini Brazil, na mwaka uliofuata baadhi ya makundi yakatoroka, vizazi vyao vilitapakaa hata vikafika Texas mwaka wa 1990, na magazeti ya huko yakawabandika jina la nyuki wauaji. Kwa hiyo si ajabu kwamba kila baada ya muda husikika ushauri kwamba maendeleo ya ufugaji yangekuja kwa kuleta malkia wapole kutoka Ulaya. Ushauri huo ni wa kupotosha. Ukali na uhamaji vinavyolaumiwa ni sehemu ya tabia za nyuki aliyeishi kwa karne nyingi miongoni mwa maadui wengi, pasipo binadamu wa kumtibu. Nyuki dhaifu alikufa, mwenye nguvu akabaki. Kumpa dawa sasa ni kumlinda aliye dhaifu ili azae, huku Varroa naye akijifunza kuistahimili dawa, kama alivyofanya kwingineko. Kumchanganya na mgeni mpole ni kuuza ng'ombe ili kununua maziwa.

Haya ni mambo ya kubishaniwa, na wapo watakaoyapinga kwa hoja. Lakini ubishani huo unafanyika wapi, na kwa lugha gani? Unafanyika kwa Kiingereza cha kitaalamu, ambacho hata mhitimu wa shahada ya fasihi hukisoma kwa tabu. Mfugaji aliyefunguliwa mzinga mwaka wa 2010 hana mahali pa kusoma kwamba mzinga wake haukuhitaji dawa. Siku atakapobishiwa hodi na muuzaji mwenye chupa na maelezo matamu ya Kiswahili, atanunua. Muuzaji hujua vyema kwamba lugha ya mteja ndiyo lugha ya biashara. Aliyesahau ni mtafiti.

Upande wa ubora wa asali hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa huko ukimya wa wataalamu umejazwa na uvumi. Mchovya asali hachovyi mara moja, na kwa hivyo kila mnunuzi angependa kuhakikisha kuwa anachochovya si sukari guru iliyoyeyushwa. Basi huchovya njiti ya kiberiti katika asali na kuiwasha. Humwaga tone mchangani aone kama litajiviringa. Huliweka tone lingine karibu na siafu. Majaribio haya yote hupima, tena kwa ubabaishaji, wingi wa maji na uzito wa kimiminika. Shira nzito ya sukari hufaulu bila wasiwasi.

Miongoni mwa imani hizo, moja inaumiza wafugaji kuliko zote: kwamba asali iliyoganda na kufanya chenga ni asali iliyotiwa sukari. Ukweli ni kinyume. Asali yenyewe ni sukari, hasa glukosi na fruktosi, na glukosi ikizidi hujitenga na kuganda kwa hiari yake. Asali nyingi halisi huganda kwa wakati wake. Mfugaji mwaminifu anayeona wateja wakiikataa asali yake hufanya nini? Huitia sufuriani na kuichemsha mpaka iyeyuke, ing'ae, ipendwe. Kwa kufanya hivyo huua vimeng'enya vyake na kuzalisha kemikali iitwayo haidroksimethilifurfurali, ambayo maabara huitumia kama kipimo cha asali iliyounguzwa au kukaa mno. Kanuni za kimataifa za Codex hukubali miligramu 40 za kemikali hiyo katika kila kilo ya asali, na 80 kwa asali ya nchi za joto. Hukubali maji yasiyozidi asilimia 20. Basi mfugaji huyu, akiwa na asali safi kama alivyopewa na nyuki, huiharibu kwa moto ili ionekane safi, kisha hukataliwa na maabara ya soko la nje. Tajiri wa shira naye huuza bila bughudha. Ukurasa mmoja wa Kiswahili fasaha uliobandikwa sokoni ungewaokoa wote wawili, mnunuzi na mrina, na mtu hahitaji shahada ya uzamifu ili kuuandika.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuyabeba haya. Dai hilo limechakaa. Kamusi zina jana na majana, zina chavua, mbochi, nta, sega, utitiri, zina kitenzi kurina ambacho Kiingereza hulazimika kukizungukia kwa maneno matatu. Palipo na upungufu, kama katika jina refu la kemikali lililotajwa hapo juu, hukopwa na kutoholewa, kama lugha zote zifanyavyo. Pingamizi lenye uzito ni jingine: kwamba mrina wa Pokot au wa Kitui haoti ndoto zake kwa Kiswahili, bali kwa lugha ya mama, na ndimo lilimo hazina halisi ya maneno ya nyuki. Hilo ni kweli, na wakereketwa wa Kiswahili hawana budi kulikiri. Hata hivyo, ni rahisi zaidi kwa afisa wa ufugaji au mwalimu wa kijijini kutoa elimu katika Kiswahili na kuitia katika Kipokot kuliko kuitoa katika jarida la kisayansi la kigeni.

Tena upo mfano wa utafiti uliokwenda njia hiyo kinyumenyume, ukaanzia katika lugha ya wenyeji na kuishia katika sayansi. Waborana wa kaskazini mwa Kenya husema tangu jadi kwamba ndege aitwaye mlembe huwaongoza kwenye nyuki, na kwamba kutokana na mwendo na mlio wake hujua upande uliko mzinga, umbali wake, na wakati wa kufika. Mkenya Hussein Isack aliwasikiliza, akalipima kila dai lao akishirikiana na Heinz-Ulrich Reyer, na mwaka wa 1989 wakachapisha matokeo katika jarida la Science. Madai yalithibitika. Katika maeneo wasiyoyazoea, warinaji waliwapata nyuki kwa wastani wa saa 8.9 bila ndege na saa 3.2 wakiongozwa naye. Iwapo maneno ya mrinaji yaliweza kupanda hadi katika jarida hilo, kipi kinachoyazuia maneno ya jarida kumshukia mrinaji?

Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, pamoja na kuwa lugha ya taifa. Vyuo vikuu vya umma vimelitia hilo katika hotuba, si katika masharti ya utafiti. Sharti lenyewe lingekuwa dogo: mtafiti yeyote anayefungua mizinga ya raia aache kwa wenyewe kurasa mbili za Kiswahili, zikieleza alichotafuta, alichokiona, na asichopaswa mfugaji kukifanya. Mtafiti asiyejua Kiswahili cha kutosha hana haja ya kwenda mbali. Katika chuo hicho hicho, aghalabu jengo la pili au la tatu kutoka maabara yake, pana idara ya Kiswahili yenye wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka, na wengi wao wamekwisha kuzichosha istilahi za kompyuta na za simu. Wapewe za mzinga. Wakae na mtaalamu wa nyuki mchana katika maabara, na usiku waandamane na mrina na moshi wake, maana ndiyo saa ambayo nyuki wa Kenya hukubali kuguswa.