Siku Zahesabiwa Nasi Hatupo



Aliyepita katika mitaa ya Katuba, Kenya au Ruashi, jijini Lubumbashi, Kongo, bila shaka ameyaona maandishi yale ya rangi nyekundu, yaliyopakwa kwa haraka juu ya ukuta wa matofali au juu ya lango la bati, kutangaza ya kwamba parseli hii haiuzwi. Na kila niletewapo kwa simu picha ya ukuta kama huo moyo wangu huingiwa na simanzi, kwa kuwa najua ya kwamba mwenyewe yuko Brussels au Liège, ameyaweka maandishi hayo yawe mlinzi wake, ilhali mbele ya hakimu rangi haina kauli.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, ilitamka ya kuwa haki ya mtu juu ya kiwanja haithibiti ila kwa cheti cha usajili, kitolewacho na yule afisa ambaye sisi sote twamwita konservateri. Na cheti hicho, ikiisha kupita miaka 2 tangu kitolewe pasipo mtu kukipinga mahakamani, huwa hakitikisiki tena, hata aliyedhulumiwa akija na karatasi za ununuzi za marehemu babaye, zenye mihuri ya zamani na alama za vidole vya mashahidi, kwa kawaida hujibiwa ya kwamba lililobaki kwake ni kudai fidia ya fedha, wala si ardhi yenyewe. Miaka 2, ndugu zangu, na wangapi katika sisi tulio ughaibuni hufika Lubumbashi mara moja tu katika miaka 5! Mama mmoja wa jumuiya yetu, ambaye jina lake nalihifadhi, habari ya cheti kipya juu ya kiwanja cha urithi wao aliipata siku alipokwenda kumzika mamaye, na muda ulikuwa umekwisha.

Wapo wanaojifariji kwa ile miaka 15 ambayo kanuni ya madai imeiweka kwa mashtaka kwa jumla. Faraja hiyo ni dhaifu, kwani juu ya cheti kilichokwisha kutolewa ni ile miaka 2 ndiyo ihesabiwayo. Na aliyetenda jinai naye ana muda wake: kanuni ya adhabu ya tarehe 30 Januari 1940 humwachilia baada ya mwaka 1 ikiwa kosa ni dogo, miaka 3 ikiwa la wastani, na miaka 10 ikiwa ni lile liwezalo kuleta kifungo cha zaidi ya miaka 5 au kifo. Mfanyakazi aliyenyimwa mshahara, kwa sheria ya kazi ya mwaka 2002, ana mwaka 1 tu wa kuudai. Ndugu walio migodini na wakumbushwe.

Sisemi ya kwamba ukomo wa muda ni dhuluma kwa asili yake, maana mashahidi hufa, kumbukumbu hufifia, na aliyejenga kwa nia njema astahili kulala kwa amani. Lakini muda uanzao kuhesabiwa bila ya mwenye mali kuarifiwa, tena muda mfupi hivyo, katika nchi ambayo sheria hiyo hiyo ya ardhi, kifungu cha 53, imetamka ya kwamba haki ya Dola juu ya ardhi haikomi kwa kupita miaka, huo naushuhudia kuwa si insafu, na yafaa wabunge wetu waambiwe hivyo waziwazi.

Hata hivyo bunge liko mbali, na siku hazingoji. Kwa hiyo nawasihi, akina mama na akina baba: kila mwenye parseli huko nyumbani na aandike hati ya uwakilishi mwezi huu, aithibitishe kisheria, ampe ndugu amwaminiye, naye aende kwa konservateri akaulize mambo mawili tu: cheti kimeandikwa kwa jina la nani, na kwa tarehe gani.