Wanaosema Ajali Haina Kinga

Watu wa Iyula hawana mpinzani kwa kumpokea mzazi. Mama hajatoka wodini, uji uko jikoni na vitenge vipya vimekunjwa vikimngoja. Sifa hiyo ni yenu, hakuna wa kuwanyang'anya. Linalokera ni safari ya kutoka kituo cha afya hadi nyumbani. Gari limeazimwa kwa mjomba, mzazi anawekwa mbele kwa heshima, na kichanga wa siku mbili amelala mapajani mwake bila mkanda, gari likitafuta Mlowo kwenye malori yaendayo Zambia. Ukiuliza, unajibiwa: ajali haina kinga, Mungu ndiye mlinzi.

Mungu ni mlinzi, nani abishe? Lakini msemaji huyohuyo hutia komeo mlangoni kila usiku, na mbuzi wake humfunga kamba asile mahindi ya jirani. Mbuzi ana kamba, mtoto hana! Wengine hudai mikono ya mama inatosha. Mapenzi ya mama hayapimiki. Nguvu za mikono yake zinapimika. Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 3 hugeuka mzigo wa zaidi ya kilo 40 kwa kufumba na kufumbua, na hata mpakia magunia ya kahawa hawezi kumdaka. Tena kichwa cha kichanga ni kama robo ya urefu wake wote, na shingo bado laini. Ndiyo maana kiti maalumu cha kichanga hufungwa nyuma ndani ya gari, uso ukielekea nyuma ya gari, ili kishindo kipokewe na mgongo mzima. Kukifunga hivyo mbele penye mfuko wa hewa ni kumtafutia mtoto kifo, kwani mfuko ukifumuka hupiga pale kilipo kichwa. Na kwa baridi yetu ya Juni, msimviringishe mablanketi ndipo mfunge mikanda. Mtakuwa mmefunga blanketi. Mikanda kwanza, ianzie usawa wa mabega au chini kidogo, blanketi baadaye. Kidevu kisilalie kifua, pumzi isije ikaziba.

 

Yapo ya gharama, na hayo yana uzito. Kiti ni ghali, gari lenyewe la kuazima, na wengi hurudi kwa bodaboda, ambayo haina pa kukifunga. Lakini kiti cha kichanga hutumika mwaka mmoja hivi tu. Vikundi vya akina mama vina masufuria makubwa yanayozunguka kila penye msiba. Vishindwe kununua kiti kimoja kizunguke kila penye uzazi, na kuchangia nauli ya gari? Mkikuta cha mtumba, tazameni lebo yenye herufi E ndani ya duara, na mkiulizie historia yake: kilichowahi kupata ajali hakifai, hata king'ae vipi. Kisha kikae kwa mweka hazina, palepale yalipo masufuria, na anayekirudisha akirudishe kimefuliwa.