ALIYEPIGA MUHURI NAYE AULIZWE

Kila mwenye duka ajua ya kwamba mizani yake haina heshima mpaka ipigwe muhuri na mkaguzi. Mnunuzi hautazami uso wa muuzaji, hutazama muhuri. Sasa ikiwa mizani ni mbovu na mwenye duka kafilisika, mnunuzi amdai nani?

Suali hili si la mchezo. Huko Ufaransa, karibu na mji wa Toulon, palikuwa na kiwanda kiitwacho Poly Implant Prothèse, kilichotengeneza vifuko vya silikoni vya kupandikizwa vifuani mwa wanawake, baadhi yao waliokatwa titi kwa maradhi ya saratani. Mwaka 2010 ilifichuka ya kwamba mwasisi wake, Jean-Claude Mas, akivijaza silikoni rahisi ya viwandani, isiyoidhinishwa kwa mwili wa binadamu. Wanawake zaidi ya 300,000 ulimwenguni walikuwa wamekwisha kutiwa vifuko hivyo, na vingine vikawapasukia ndani.

Mas alihukumiwa Marseille mwaka 2013 kifungo cha miaka 4 na faini ya yuro 75,000. Hiyo ni adhabu. Fidia ni jambo jingine. Kampuni ilikuwa imefilisika, na bima yake haikuvuka mipaka ya Ufaransa. Mwanamke wa Kolombia je?

Ndipo mawakili wakauelekea muhuri. Kampuni ya Ujerumani, TÜV Rheinland, ndiyo iliyotoa cheti, na wakaguzi wake walikuwa wakitoa habari kabla ya kufika. Nayo ilijitetea kuwa imedanganywa. Toulon iliwapa wanawake haki mwaka 2013. Rufaa ya Aix ikawanyima mwaka 2015. Mahakama ya juu ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2018. Hata Mei 2021 Mahakama ya Rufaa ya Paris ikaamua kuwa mkaguzi alizembea. Miaka 11 tangu hila kufichuka!

Mahakama ya Ulaya ilikwisha sema mwaka 2017 kuwa mkaguzi hakulazimika kufika ghafula, ila aonapo dalili za ubovu. Mimi sioni insafu hapo, kwani mwenye hila ajuaye siku ya kukaguliwa haonyeshi dalili. Mwaka huo huo sheria mpya ya Ulaya iliamrisha ziara za ghafula, angalau mara moja katika miaka 5. Laiti wa mizani yangu angekuwa mpole hivyo!

Basi aliyetiwa chombo mwilini, popote alipo, aombe hospitali karatasi yenye jina la kiwanda na namba ya chombo, aihifadhi kama hati ya shamba. Na siku kitakapotolewa, asikubali kitupwe: ndicho shahidi wake.