Saladi Yako Haina Njaa, Imekosa Hewa



Siku hizi simu yangu imejaa picha za mizizi. Zamani nilikuwa natumiwa viwavi kwenye mahindi na nyanya zilizooza kitako, sasa natumiwa ndoo. Kifuniko kimeinuliwa, mizizi inaning'inia ya kahawia kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, na chini ya picha swali ni lile lile: "Bwana shamba, niongeze mbolea gani?"

Usiongeze yoyote. Mmea huo hauna njaa.

Nazungumzia kilimo bila udongo cha maji ya kina, ambapo mche unakaa kwenye kikombe chenye matundu, kikombe kinashikiliwa na kifuniko au ubao unaoelea, na mizizi inazama kwenye maji yenye virutubisho masaa yote 24. Ni mfumo mzuri. Saladi inakua haraka, hakuna palizi, na hata mwenye uwanja wa kuegesha gari moja anaweza kuvuna. Lakini msimamo wangu ni huu, na najua baadhi ya wauzaji hawataupenda: kwa Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na ukanda wote wa joto, mtu asitoe hela yake kabla hajajibu maswali mawili. Maji yako saa nane mchana yana nyuzi ngapi? Na umeme ukikatika muda huo, mizizi itapumua nini?

Mzizi unapumua kama sisi, tofauti ni kwamba ukiwa ndani ya maji unategemea oksijeni iliyoyeyuka humo. Maji ya nyuzi 20 yakishiba hewa yanabeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 yanabeba kama 7 na nusu. Mtu atasema tofauti ni ndogo. Ni ndogo kweli, ila mzizi nao ukipata joto unapumua kwa kasi zaidi, kwa hiyo ghala limepungua na walaji wameongezeka. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani, waliolima saladi ya kuelea kwa miaka mingi, wanashauri maji yasipite nyuzi 25, na wanaonya kwamba oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita zao linaweza kupotea lote.

Mzizi uliokosa hewa unachoka, na uliochoka ndio anaoupenda Pythium. Wengi wanamwita kuvu. Kisayansi ana udugu wa karibu zaidi na mwani wa kahawia kuliko kuvu, na jambo la kukumbuka ni kwamba vimbegu vyake vinaogelea. Shambani angehangaika kupita kwenye udongo kutoka shina hadi shina. Kwenye tanki lenye miche 60 inayochangia maji, umemjengea barabara.

Sasa kuna kitu watu wanakosea kwenye kumtambua: rangi peke yake isikutishe. Kuna virutubisho, hasa vyenye madini ya chuma, vinavyopaka mizizi rangi ya chai na mmea uko salama. Nusa. Mizizi mizima haina harufu mbaya, iliyooza inanuka kama mtaro. Halafu shika mzizi mmoja kwa vidole viwili uuvute taratibu. Ganda la nje likichomoka na kubaki uzi mwembamba katikati, huo umekufa.

Mama mmoja mstaafu aliniita kwake kutazama mfumo aliounua kwa sehemu ya kiinua mgongo chake. Matanki manne meusi, ya lita 200 kila moja, yamepangwa juani chini ya neti. Nikamwamkia, naye hata kunikaribisha kiti alisahau. "Mwanangu, hii mboga inakufa kwa kiu na imesimama ndani ya maji. Hebu niambie." Alikuwa ameshaongeza virutubisho mara mbili kwa ushauri wa aliyemuuzia. Nikatumbukiza kipimajoto: nyuzi 33. Mzizi usiopumua hauwezi kuvuta maji hata ukiyaogelea, ndiyo maana majani yananyauka mchana kweupe. Na ukizidisha chumvi za mbolea, unaufanya uvute kwa shida zaidi. Yule muuzaji hakuwa tapeli, nadhani. Aliuza alichokuwa nacho dukani, na hewa haiuzwi kwa mfuko.

Kwa mama huyo hatukununua dawa. Miche iliyooza ilitolewa, maji yakamwagwa, matanki yakasuguliwa kwa maji ya klorini na kusuuzwa vizuri. (Tafadhali, klorini isikutane kamwe na asidi mnayotumia kushusha pH, inatoa gesi ya sumu.) Matanki yakahamia kivulini nyuma ya nyumba, yakafukiwa nusu ardhini, na sehemu iliyobaki juu ikapakwa rangi nyeupe. Weusi wa ndani unazuia mwanga usioteshe mwani, weupe wa nje unarudisha jua lilikotoka.

Wengine wananiuliza kuhusu chupa za barafu. Chupa ya lita moja na nusu iliyogandishwa inashusha ndoo ya lita 20 kwa nyuzi kadhaa, hapo inasaidia. Kwenye tanki la lita 200 haifikishi hata nyuzi moja, unachoma umeme wa friji bure. Magunia mabichi juu ya tanki yanafanya kazi Dodoma, kwa kanuni ile ile ya mtungi. Dar hewa yenyewe imeshaloa, usitegemee makubwa.

Kuhusu pampu ya hewa: iwekwe juu kuliko usawa wa maji, la sivyo umeme ukikatika maji yanaweza kurudi kwenye mpira na kuiua. Na isikae chini ya bati, maana inavuta hewa ya moto na kuipuliza kwenye maji unayohangaika kuyapooza. Umeme ukikata muda mrefu, inua ubao kwa sentimita chache juu ya vipande vya mbao ili sehemu ya mizizi ipate hewa, au teka maji kwa kopo uyamwage kutoka juu, tena na tena. Kwenye maji ya moto yenye mimea mikubwa, una masaa machache tu.

Ndiyo maana mtu anayeanza, asiye na sola wala betri, namshauri aanze bila pampu kabisa. Mtaalamu B. A. Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, nako joto wanalijua, ndiye aliyeieneza njia hii. Unajaza chombo mara moja mwanzoni mpaka maji yaguse kitako cha kikombe, mche mmoja wa saladi utengewe kama lita 4, halafu unauacha. Mmea unakunywa, maji yanashuka, na kati ya kifuniko na maji panabaki nafasi. Mizizi ya hapo juu inajizoeza kuvuta hewa yenye unyevu, ya chini inakunywa. Na hapa ndipo watu wanapoharibu kwa huruma zao! Wanaona maji yamepungua wanajaza tena mpaka juu, wanaizamisha mizizi iliyokuwa inapumulia, na baada ya siku mbili wananitumia picha. Kama ni lazima kuongeza, ongeza kidogo tu, mizizi ya hewani ibaki hewani.

Hata hivyo nafasi ya hewa haiondoi joto. Miezi ya Desemba mpaka Machi pwani, mimi ningeacha saladi nikapanda ile mboga ya jamii ya matembele inayoota yenyewe kwenye madimbwi. Hiyo maji ya moto ni nyumbani kwake. Saladi ingoje Juni.

Kwa hiyo ukitaka kuanza, cha kwanza kununua ni kipimajoto. Weka ndoo ya maji matupu mahali pale pale unapotaka kuweka mfumo, na upime saa nane mchana siku tatu mfululizo kabla hujamlipa mtu.