Samoni wa Klamath na Fedha za Umma

Mwezi wa Septemba mwaka 2002, katika mto Klamath ulioko kaskazini ya jimbo la California, makumi ya maelfu ya samoni waliotoka baharini kwenda kutaga walikufa kwa maradhi ya matamvua, kwa kuwa maji yalikuwa haba na yenye joto, na mizoga yao ikatanda ukingoni mbele ya macho ya Wayurok, wenyeji wa asili wa huko, ambao tangu dahari maisha yao na ibada zao zimeambatana na samaki huyo.

Msiba ule uliyatia nguvu madai ya kuvunjwa mabwawa manne ya umeme, la kwanza likiwa la mwaka 1918, yaliyowazuia samoni wasipande hadi mazalio yao ya kale. Wako walionena kwamba kuyavunja ni israfu; lakini mwaka 2014 wapiga kura wa California waliridhia mkopo mkubwa wa serikali kwa ajili ya maji, na humo zikapatikana dola milioni 250 za kazi hiyo, ilhali wateja wa umeme walichangia milioni 200. Huo, kwa rai yangu, ndio msaada wa kweli wa raia.

Ukuta wa mwisho ulipoondoshwa mwaka 2024, Oktoba hiyohiyo samoni walionekana juu mtoni, katika jimbo la Oregon, katika vijito ambamo jike hufukua changarawe kwa mkia apate kuyafukia mayai. Yamesalia mabwawa mawili huko juu, na ngazi zake za samaki zataka kutengenezwa. Basi hazina isifungwe sasa.