Elimu ya Chakula Imjali Mvunaji

Kila mwaka majira ya kuchipua yafikapo, Chuo Kikuu cha Davis, katika jimbo la California nchini Marekani, huwafungulia watu wote milango yake. Desturi hiyo ilianza mwaka 1909, wakati mahali hapo palipokuwa bado shamba la mafunzo. Wageni wapatao 2,000 walikwenda na vyakula vyao kulitazama zizi jipya la ng'ombe wa maziwa. Siku hizi wanaohudhuria ni makumi ya maelfu.

Katika Chuo hicho imo Taasisi ya Robert Mondavi ya Elimu ya Divai na Chakula. Mondavi, tajiri wa divai, alitoa dola milioni 25 mwaka 2001, na majengo yakafunguliwa mwaka 2008. Humo huchunguzwa divai, bia, mafuta ya zeituni na asali, na raia hualikwa kuonja mazao ya msimu na kusikiliza mihadhara.

Hatuyabezi mambo hayo, kwani elimu ifungiwayo kabatini haimshibishi mtu. Tena Chuo hicho kimeonyesha ya kwamba hekima yaweza kutoka kwa wafanyakazi wa kawaida. Mizeituni iliyopandwa kando ya njia zake iliangusha matunda chini, na wapanda baiskeli wakateleza na kuumia. Mwaka 2005 idara ya kutunza viwanja na bustani ilianza kuyakusanya matunda hayo na kuyakamua mafuta. Kilichokuwa taka kikawa bidhaa, na mwaka 2008 kikaanzishwa kituo cha kuchunguza zeituni.

Mwaka 2010 kituo hicho kilitangaza uchunguzi wa mafuta yaliyouzwa madukani California kwa jina la daraja la kwanza kabisa. Katika yale yaliyotoka nchi za nje, asilimia 69 ya sampuli hazikufikia kipimo cha ladha na harufu. Mnunuzi alifaidika kuujua ukweli huo. Lakini sehemu ya gharama ililipwa na watengenezaji mafuta wa California wenyewe, yaani washindani wa wale walioumbuliwa. Hatusemi kwamba majibu yalikuwa ya uongo. Twasema kwamba anayelipa ndiye, mara nyingi, anayechagua swali. Tajiri ana njia ya kuuliza swali lake. Je, mvunaji anayo?

Historia ya nyanya yatujibu. Katika Chuo hicho hicho, Jack Hanna alizalisha nyanya ngumu isiyopasuka upesi, na Coby Lorenzen akaongoza kazi ya kuunda mashine ya kuivuna. Mwaka 1964 ulipokoma mpango wa kuleta vibarua kutoka Mexico, wenye mashamba waliikimbilia mashine hiyo. Kufikia mwaka 1970 karibu nyanya zote za viwandani katika California zilivunwa kwa mashine. Wakulima wa nyanya hizo, waliokuwa kama 4,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, walibaki kama 600 mwaka 1973, kwa kuwa wadogo hawakuweza kuinunua. Inakadiriwa kwamba hadi mwisho wa miaka ya 1970 kazi 32,000 zilikuwa zimepotea. Mwaka 1979 mawakili wa vibarua walikishtaki Chuo kwa kutumia mali ya umma kuwatajirisha wachache. Kesi ilichukua miaka kumi, na mwaka 1989 mahakama ya rufaa ikakipa Chuo ushindi.

Sisi hatuichukii mashine. Kuinama kutwa juani hakumpi mtu heshima yoyote, na ikiwa chuma chaweza kuubeba mzigo huo, na kiubebe. Tunalolipinga ni kwamba wataalamu walipanga umbo la nyanya, unene wa ganda lake na mwendo wa mashine, lakini hawakupanga mvunaji atakula nini msimu ujao.

Neno hili si la kale. Huko Oakville, katika bonde la Napa, wataalamu wa Chuo hicho wamejaribu shamba la mizabibu ambalo kazi zake karibu zote hufanywa na mashine, na wamesema ubora wa zabibu haukupungua. Basi yaliyowapata wavunaji wa nyanya yaweza kuwapata wavunaji wa zabibu. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna atakayeweza kudai kwamba hakujua.

Kwa hiyo twasema wazi: taasisi yoyote ya chakula ilishayo elimu yake kwa mali ya umma haina budi kumpa mfanyakazi wa shambani kiti katika baraza linalochagua mambo ya kuchunguzwa. Kila mashine inapobuniwa, na ibuniwe pamoja na mpango wa kuwafundisha kazi nyingine wale itakaowaondoa. Kumkaribisha raia aonje divai ni adabu njema. Kumwuliza aliyechuma zabibu ni haki.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Katika mashamba mengi ya dunia mmoja huchuma juani, na mwingine hula kivulini. Elimu isiyojitahidi kuwakutanisha wawili hao katika kivuli kimoja bado haijamaliza kazi yake.