Tangazo la Nyumba na Mashine Ichaguayo Msomaji

Tangazo la nyumba iuzwayo likichapwa gazetini, huonekana sawasawa katika kila nakala. Tajiri na maskini, mwenyeji na mgeni, alimradi amelifungua gazeti, hulisoma tangazo lile lile. Katika mitandao ya kijamii sivyo. Huko tangazo humfikia jirani huyu na lisimfikie yule, na yule asiyefikiwa hana njia ya kujua kwamba amenyimwa habari. Kwa hiyo uuzaji wa nyumba kwa njia hiyo si biashara tupu. Ni jambo la sayansi na la haki pia.

Kisa cha Marekani chatoa funzo lililo wazi. Nchini humo, Sheria ya Haki ya Makazi ya 1968 ilipiga marufuku tangazo lolote la nyumba lenye kuonyesha upendeleo wa rangi, dini au asili ya mtu. Hata hivyo, Oktoba 2016, waandishi wa shirika la habari la ProPublica walinunua katika Facebook tangazo lililowalenga watafuta nyumba, wakaagiza wasionyeshwe watu ambao mtandao uliwaweka katika makundi ya Wamarekani Weusi, ya watu wa asili ya Asia na ya watu wa asili ya Amerika ya Kilatini. Tangazo hilo lilikubaliwa. Kesi zilifuata, na Machi 2019 kampuni ilikubali kwamba watangazaji wa nyumba wasiweze tena kuwachagua watazamaji kwa umri, jinsia wala msimbo wa posta.

Ingedhaniwa kwamba hapo ubaguzi ulikwisha. La hasha! Mwaka huo huo wa 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, mjini Boston, pamoja na wenzao, walieleza jaribio walilolifanya. Walilipia matangazo ya nyumba bila kubagua kundi lolote, kisha wakapima ni nani walioonyeshwa. Ikadhihirika kwamba mgawanyo wa watazamaji ulielemea upande mmoja au mwingine kwa rangi, ingawa mtangazaji hakuagiza hivyo. Aliyechagua ni mashine yenyewe.

Yawezekanaje mashine isiyo na chuki ibague? Kazi yake ni kukisia nani atabonyeza tangazo, na hukisia kwa kutazama waliobonyeza zamani. Darasa lolote laweza kuona hatari ya mwendo huo kwa mfuko na mahindi. Watiwe mfukoni punje moja nyeupe na moja ya manjano. Mwanafunzi achomoe punje moja bila kutazama, airudishe, na aongeze nyingine ya rangi ile ile. Afanye hivyo mara 50. Makundi 10 ya wanafunzi yakifanya jaribio hilo, yatapata majibu yanayotofautiana sana: mfuko mmoja utajaa nyeupe, mwingine manjano, ingawa yote ilianza sawa. Bahati ya mwanzo hugeuka kuwa desturi, na desturi ikaonekana kama ukweli. Katika nchi ambayo mitaa yake iligawanywa kwa rangi kwa vizazi vingi, mashine haianzi hata na mfuko ulio sawa.

Wako wasemao kwamba muuzaji ana haki ya kumtafuta mnunuzi anayeelekea kununua, na kwamba njia hii humpunguzia gharama. Kwa sabuni na viatu hoja hiyo yakubalika. Nyumba ni kitu kingine. Mahali mtu akaapo huamua shule watakayosoma wanawe, hospitali iliyo karibu na urithi atakaouacha. Anayenyimwa habari ya nyumba hunyimwa hayo yote kimya kimya.

Juni 2022, kampuni hiyo, ambayo tangu 2021 huitwa Meta, ilipatana na Wizara ya Sheria ya Marekani. Ilitozwa dola 115,054, faini ya juu kabisa iliyoruhusiwa na sheria hiyo. Kwa kampuni tajiri kama hiyo, fedha hizo ni tone baharini. Lililo kubwa ni sharti la pili: kuunda mfumo wa kupima tofauti iliyopo kati ya watu waliostahili kuliona tangazo na wale walioliona hasa, na kuipunguza, huku mkaguzi wa nje akithibitisha matokeo. Yaani haki iligeuzwa kuwa kitu kipimwacho. Hiyo ndiyo njia ifaayo.

Madalali wa Dar es Salaam na Nairobi nao hutangaza nyumba na viwanja katika mitandao hiyo hiyo, lakini sheria ya Marekani haivuki bahari. Katiba za Tanzania na Kenya zakataza ubaguzi. Hata hivyo, katiba haiwezi kukikemea kisichoonekana. Hapana budi vyuo vikuu na mamlaka za nchi vifanye upimaji wa namna ile, na kampuni zilazimishwe kufungua hesabu zao. Walimu wa hisabati nao wana sehemu yao. Mwanafunzi aliyekwisha kuuona mfuko wa mahindi ukielemea upande mmoja hatadhani tena kwamba kilichoonyeshwa kwenye simu yake ndicho soko lote. Atauliza ni nani hakuonyeshwa.